Ng'ombe Waliosimama Mbele ya Taa

Tangu nirudi Mwanza, kila ninayekutana naye ananiuliza kama ni kweli ng'ombe wa mahari ya Mwita walikataa kuingia kwa wakwe. Mmoja wenu kasikia kwamba walirogwa. Mwingine kasikia kwamba tulifukuzwa kwa mapanga. Nimechoka kusimulia vipande vipande barabarani, na nikianza tu mtu ananikatiza, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Habari za vibali vya mifugo na za kutafuta lori naziruka, maana zilinichosha hata wakati zinatokea.

Kwa asiyejua, Mwita ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ni baba yake mdogo, na kwa kuwa kaka hayupo, kazi ya kumpelekea ng'ombe ilikuwa yangu. Mwita anachimba dhahabu kule Kerende na kulima hapo hapo. Binti aliyempenda anaitwa Bhoke, wa Machochwe, wilaya ya Serengeti. Bhoke amelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Nyamhanga, na huyo mzee alishatutumia ujumbe wazi: kuna nyumba nyingine imekuja kuomba, na ng'ombe wetu wasipoingia zizini siku tuliyoahidi, atawajibu wale wengine. Mwita alinipigia simu akaniambia, "Baba mdogo, nikimkosa huyu, usinitafutie mwingine." Aliongea taratibu sana, na mimi nikaingiwa na hofu.

Kazi yangu mnaijua. Napanga taa za kumbi, bibi harusi aonekane na wageni wasikunje nyuso. Sikudhani ingenifaa safari hii.

Sirari mpaka Tarime

Nilianzia Sirari kwa sababu ya Shangazi Ghati. Yeye kaolewa upande wa Kenya, na katika ukoo wetu hakuna jambo la ndoa linalokwenda bila yeye kuwepo. Tulikubaliana tukutane asubuhi. Alitokea mchana, ana mwavuli, chupa ya chai na kuku mzima kwenye kikapu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Kwani Mwanza hakuna chakula?"

Nikamwambia lori linatusubiri Tarime tangu asubuhi. Akasema lori halina miguu, haliendi popote, akaketi kwenye benchi la duka, akamimina chai. Alikunywa vikombe vyote vilivyokuwamo. Ukimharakisha shangazi yangu anaongeza kikombe, kwa hiyo nikahesabu ndege kwenye waya.

Tarime tulimkuta dereva wetu, Masanja, Msukuma wa Geita aliyefuata dhahabu akaishia kwenye usukani. Ni mcheshi, mkarimu, na mbishi kupita kiasi. Alitutazama, akalitazama jua, akasema, "Kaka, leo tumeshachelewa. Tulale hapa, kesho alfajiri twende Kerende tukalale huko, keshokutwa tupakie." Hivyo safari ikapoteza siku nzima kwa ajili ya chupa ya chai, na tukabakiwa na siku ile ile ya ahadi bila hata moja ya akiba.

Tarime mpaka Kerende

Kutoka Tarime kwenda Kerende asubuhi unaelekea mashariki, maana yake jua linakupiga usoni. Hilo si tatizo kubwa kama kioo ni kizima. Kioo cha mbele cha Masanja kilikuwa na mikwaruzo mingi, maana kila vumbi likiingia yeye hukifuta kwa kitambaa kikavu, na vumbi la huku lina mchanga ndani. Jua lilipopanda kidogo juu ya vilima, kioo kizima kikawa cheupe. Barabara ikapotea. Miti ikapotea. Nilichoona ni weupe tu, na nyuma yake vivuli vinavyotembea.

"Masanja, unaona?"

"Naona, kaka."

"Unaona nini?"

Wakati huo huo akakanyaga breki, chai ya Shangazi (alishajaza tena chupa) ikamwagikia mapajani mwake, na mbele yetu akatokea mtu na baiskeli ya mkaa, karibu kabisa na bampa. Yule mtu hakutukana. Alitutazama tu, akaondoka zake akisukuma baiskeli.

Tukaegesha. Nikamweleza Masanja kwamba mwanga haujapungua wala kuzidi, ila umepotea njia. Badala ya kupita kwenye kioo moja kwa moja, kila mkwaruzo unaudaka na kuutawanya, nao unaingia machoni kutoka pande zisizohusika na kufunika vile unavyotaka kuviona.

"Jua ni la Mungu, kaka. Utalizuiaje?"

"Jua ni la Mungu. Mikwaruzo ni ya kwako."

Shangazi akacheka mpaka akasahau mapaja yake. Tukakiosha kioo kwa maji na sabuni, ikasaidia nusu. Nusu nyingine tukaisubiri chini ya mti mpaka jua lilipopanda juu ya paa la lori. Masanja akatumia muda huo kula mihogo ya kuchoma ya mama mmoja aliyekuwa analima kando ya barabara, na kumwambia yule mama kwamba abiria wake ni mtaalamu wa jua.

Kerende jioni

Kerende tulifika salama, tukaona ng'ombe, nikaridhika nao. Wote walikuwa wazuri, lakini aliyenipendeza zaidi ni jike mmoja wa kijivu, mpole, aliyemfuata Mwita kila aendako. Mwita alisema huyo ndiye atakayetangulia.

Mwita akaenda kutafuta kamba, sisi tukaenda kula kwa mama lishe. Giza lilikuwa linaanza kuingia na wachimbaji walikuwa wanarudi na taa zao kichwani, hawajazizima. Ukikaa mezani na watu wa aina hiyo huoni uso hata mmoja, maana kila anayekutazama anakumulika machoni. Mle ndani nguo zote zina vumbi la rangi moja, na mabega ya wachimbaji ni yale yale.

Mmoja akaja kwenye meza yetu, taa inawaka, akasema, "Shikamooni." Shangazi akasimama, akamkumbatia.

"Mjukuu wangu! Mungu akubariki wewe na huyo msichana wako! Uzae mapacha! Mimi nimetoka Kenya yote kwa ajili yako!"

Yule kijana alingoja mpaka akaachiwa. Baadaye akasema kwa adabu, "Asante bibi. Ila mimi ni wa Singida, na sina mchumba hata mmoja. Nilitaka chumvi tu."

Mwita alikuwa mlangoni na kamba zake, anacheka mpaka kaegemea nguzo. Mama lishe akagonga sufuria kwa mwiko: "Mura, kijana wewe, inamisha taa! Nimewaambia mara ngapi?" Kijana akaivua taa akaishika kifuani, ikimulika sakafu, na papo hapo tukamwona uso. Alikuwa mtoto mzuri sana. Akanieleza kwamba chini shimoni wana adabu yao: unapoongea na mwenzako unamtazama bega, humtazami usoni, la sivyo anabaki kipofu kwa muda na chini pana mashimo. Wakipanda juu njaa inawasahaulisha.

"Kwani hapa kwenu watu hutembea na jua kichwani?" Shangazi akauliza. Hata hivyo ile baraka hakuirudisha. Alisema ikae na yule wa Singida, Mwita atapewa nyingine.

Tulikula nyama ya mbuzi na kichuri, mchuzi wetu wenye uchungu. Masanja aliusikia kwa mara ya kwanza, akauliza umetengenezwa na nini, tukamwambia ale kwanza. Alikula. Tulipomwambia kwamba unatoka ndani ya tumbo la mbuzi, alilitazama bakuli, kisha akaomba wa pili.

Kuvuka Mto Mara

Siku ya ahadi tulipakia mapema. Ng'ombe walipanda bila matata, Mwita akapanda nao nyuma, na mpaka darajani Mto Mara kila kitu kilikwenda kama tulivyopanga. Nikaanza kufurahi. Shangazi akaniambia nisifurahi ndani ya gari.

Tulipokwisha kuingia Serengeti tukakuta korongo limejaa. Kwetu hapakuwa na mvua hata tone, ilikuwa imenyesha huko juu, na maji mekundu yalikuwa yanapita barabarani kwa kelele. Magari mengine mawili yalikuwa yamesimama. Hakuna la kufanya ila kungoja. Mwita alishuka kila mara kuchomeka kijiti ukingoni aone kama maji yanapungua, na kila mara alirudi akilitazama jua.

Nikampigia simu Mzee Nyamhanga, nikamweleza.

"Sawa," akasema. "Siku haijaisha. Mkifika na giza, msiogope, mimi nina taa kubwa. Nitawawashia."

Nikamshukuru sana. Mimi mwenyewe, fundi, nilimshukuru kwa dhati.

Maji yalipopungua, Masanja alivuka wa kwanza, kwa ubishi wake, na safari hii ubishi ulitufaa.

Langoni Machochwe

Tulifika jua limeshazama, anga bado ina rangi. Lori lilisimama barabarani, tukashusha ng'ombe penye tuta lililolingana na lori, na kutoka hapo njia inapanda moja kwa moja hadi kwenye lango la boma, ambalo ndilo lango la zizi. Ng'ambo ya zizi, juu ya mlingoti, kulikuwa na taa ya sola kubwa, imetazama langoni. Mzee Nyamhanga aliinunua baada ya wezi kumchukulia maksai. Wakati wa kusalimiana alitusimulia habari zake zote: alivyoipata, alivyopandisha mlingoti, jinsi majirani wanavyokuja kuitazama. Nikamwambia kwamba mimi ni fundi wa taa, na hii ni taa nzuri. Na kweli ni nzuri.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile. Ng'ombe wa mahari hapigwi fimbo langoni, wala havutwi kwa kamba. Anaingia kwa miguu yake. Yule wa kwanza akikataa, wanasema kuna jambo ameliona.

Mzee akaiwasha taa yake, akina mama wakaanza kuimba. Mwita akatangulia, wa kijivu akamfuata kama kawaida yake, wengine nyuma. Mwita akapita lango. Ng'ombe akafika langoni akasimama. Akainamisha kichwa, akapumua kwa nguvu chini, akageuka pembeni. Mwita akarudi akamzungusha, akamwita kwa jina. Akafika pale pale, akasimama tena. Wimbo ukakatika.

Mzee Nyamhanga alikuwa amesimama ndani, chini ya taa. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Ng'ombe ameona."

Nilikwenda nikasimama kando ya yule mnyama, nikainama hadi usawa wa kichwa chake. Sikuona zizi. Sikuona watu. Niliona weupe, na chini yake, kati ya nguzo mbili, mstari mweusi mpana unaokata njia. Ulikuwa kivuli cha gogo lililolazwa juu ya nguzo za lango, lakini kwa aliyetiwa kiwi na mwanga ni shimo. Nilijua papo hapo. Lakini utamwambiaje mkwe, mbele ya wageni wake, kwamba taa anayojivunia ndiyo inayofukuza mahari? Niliogopa. Nikachagua njia ya mkato, nikamnong'oneza Mwita azunguke akaizime.

Hilo lilikuwa kosa la fundi mwanafunzi. Macho yaliyokuwa kwenye mwanga mkali hayaoni gizani mara moja, ya mtu wala ya ng'ombe. Taa ilipozimika tukawa vipofu wote. Ng'ombe wakasukumana, mmoja akavunja ua, mwingine akaingia kwenye mtama, na Shangazi Ghati akakaa kwenye tope na mwavuli wake.

"Nani amezima taa yangu?" Mzee alipiga kelele. "Wezi ndio huzima taa!"

Ikawashwa. Mwita akakutwa ameshika swichi. Mzee alimtazama, akanigeukia mimi.

"Rudini na ng'ombe wenu. Kesho nitawajibu wale wengine."

Mwita aliiachia swichi, akainama. Moyo uliniuma kumwona hivyo. Akina mama walianza kuingia jikoni mmoja mmoja.

Nikasema, "Baba, tumekubali. Ila kabla hatujapakia, nakuomba utoke uwatazame ng'ombe, isije ikasemwa kwamba tulikuletea wagonjwa."

Shangazi akanifinya mkono. Alidhani nimechanganyikiwa. Mzee alifikiri, akaona ni haki. Akatokea kwenye kijilango cha upande wa jikoni, akazunguka akaja mpaka tulipokuwa tumewakusanya tena ng'ombe, taa ikiwa mgongoni mwake. Aliwakagua bila haraka, meno, kwato, ngozi.

"Unaona taa yangu? Hata kupe unamwona."

"Namwona, baba."

"Ni ng'ombe wazuri. Ndiyo maana naumia."

"Basi tangulia nyumbani, baba, upumzike. Sisi tutapakia."

Sikuwa na uhakika kama mpango wangu utafaulu. Mtu analijua lango lake kwa miguu, anaweza kulipita hata usingizini. Lakini lango kubwa lilikuwa karibu kuliko kijilango, na mzee akalielekea. Hatua za kwanza zilikuwa za mwenye nyumba. Halafu akainua kiganja juu ya macho. Halafu akapunguza mwendo. Alipofika kati ya nguzo, pale pale aliposimama yule wa kijivu, akasimama. Akanyoosha fimbo, akagusagusa kile kivuli, kama mtu anayepima maji.

"Nani amekaa hapo mbele?" akauliza.

Aliyekaa alikuwa mama yake mzazi, Bibi Wankuru, kwenye kigoda chake ndani ya zizi.

"Ni mimi mama yako," bibi akajibu. "Kwani na wewe umekataa ndoa?"

Halafu kicheko kikatokea jikoni, kikaja nje, na Shangazi Ghati akakipokea kwa nguvu zote, matope na vyote. Mimi sikucheka. Nilimtazama mzee mgongo tu, nikisubiri atakavyogeuka.

"Fundi," akasema bila kugeuka.

"Naam, baba."

"Inatia kiwi?"

"Inamtia anayeingia. Anayetoka haimsumbui."

"Ng'ombe wangu huingia jua lingali juu."

"Ndiyo. Na nyinyi usiku hamtoki nje ya boma. Mngeonaje?"

Akaguna. "Sasa nisikilize. Mwizi apofuke, mkwe aone. Unaweza kupanga hivyo?"

Nikamwambia naweza, mchana. Na kweli kesho yake niliishusha taa, nikaigeuza imwagie uwanja kutoka pembeni, nikaikunjia kipande cha bati juu yake kama ukingo wa kofia, na nikabakiza kidogo kwa upande wa barabara kwa ajili ya mwizi, maana mzee hakukubali kumsamehe.

Lakini jioni ile alisema tu, "Zimeni. Safari hii asitembee mtu."

Nikaomba pia simu zote zifichwe na mlango wa jikoni ufungwe. Taa ikazimwa. Tukasimama. Kwanza hapakuwa na kitu, sauti za ng'ombe wakipumua tu. Kisha nikaona ua. Kisha njia, nyeupe kidogo kuliko majani. Kisha kilemba cha Bibi Wankuru. Anga ilikuwa imebakiwa na mwanga mdogo, na mdogo huo ulitosha.

Wa kijivu akainua kichwa. Hakuna aliyemwita. Akatembea, akapita kati ya nguzo, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa miguu yao, mpaka zizi likajaa.

Pale nyumbani, ng'ombe wakishaingia, anayeolewa ndiye hufunga lango, akiwa amekubali. Mzee akaita, "Bhoke!" Tukasikia mlango, tukasikia hatua zinakuja mbio, halafu miti ya lango ikavutwa mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho.

Mwita alikuwa kando yangu. Alilia, machozi yanashuka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta, maana alidhani giza linamficha. Sote tulikuwa tunamwona vizuri, na Bhoke pia.